Bwawa la Kujaribia Hewa

Nchi ninayoisimulia ipo, lakini si hii yetu, kwa hiyo asije mtu akanitumia askari. Ni ya mbali. Ukiuliza njia utaambiwa nyoosha tu, na ukinyoosha hufiki. Ina bendera, ina wimbo, ina ziwa kubwa katikati, na ina desturi moja ambayo wenyewe wanaiona ya kawaida kabisa: kitu chochote cha serikali hakitumiki mpaka mgeni rasmi akitumie kwanza.

Sisemi kukata utepe. Utepe hukatwa kila mahali. Kule mgeni rasmi anakata utepe, halafu anatumia. Kikijengwa choo cha shule, watoto wanajibana mpaka mgeni rasmi aje, aingie, akae, atoke, apigiwe makofi. Wodi ya wazazi ya kwetu ilizinduliwa na mkuu wa wilaya, mwanamume mwenye ndevu, akalazwa kitandani akaambiwa asukume. Akasukuma. Wakunga wakampongeza. Wajawazito wenye uchungu walikuwa nje kwenye mikeka wanasubiri amalize, na mmoja aliyeshindwa kusubiri akazaa palepale nje. Akaonywa kwa utovu wa nidhamu, yeye na mtoto.

Nimezaliwa huko, naitwa Sikudhani, na desturi hiyo sikuwahi kuiona mbaya. Nilipiga makofi na mimi. Mpaka ilipomfika kaka yangu Mbaruku.

*

Mkuu Mtukufu wa nchi hiyo alitengenezewa sanamu yake ya shaba, ndefu kuliko mnazi, ipelekwe ikasimamishwe kwenye kisiwa cha katikati ya ziwa ili wavuvi wasijione wako peke yao. Ikapakiwa kwenye tishari pamoja na bendi ya polisi, kwaya, na viongozi. Walipofika penye kina, kiongozi wa msafara akatoa amri kwamba si adabu kuipa sanamu mgongo. Basi wote wakahamia upande wa mbele ya sanamu, wakapiga saluti. Tishari likalala. Watu walirudishwa na mitumbwi, ila sanamu ilikwenda chini huku imenyoosha mkono, kama mtu anayeaga.

Redio ikatangaza: "Mkuu Mtukufu ameanza ziara ya kikazi katika sakafu ya ziwa."

Lakini ziara ikawa ndefu. Wavuvi wakaanza kuulizana kama samaki nao wanamwimbia. Mkuu Mtukufu akakasirika, na kule akikasirika inaundwa wizara. Ikaundwa Wizara ya Kina, na waziri wake akawa Mheshimiwa Limbanga, mtu ambaye hata kwenye beseni huingia kwa kushikwa mkono. Chini ya wizara kikaundwa Kikosi cha Taifa cha Wazamiaji, kikaipandishe sanamu.

Mbaruku aliandikishwa wa kwanza. Alikuwa anapiga mbizi tangu mdogo, kwa pumzi zake mwenyewe. Injini ya boti ikimponyoka mtu, anaitwa yeye. Mimi wakati huo nilikuwa mfagiaji hapo wizarani. Mfagiaji anaingia kila chumba na hakuna anayenyamaza akiingia, kwa hiyo haya ninayoyasema sikusimuliwa.

Vifaa vya kuzamia vilinunuliwa kwa shemeji yake Waziri. Shemeji huyo alikuwa na duka la mitungi ya kuzimia moto. Duka likafungwa ghafla kwa siku chache, likafunguliwa likiwa na kibao kipya: VIFAA VYA KINA. Mitungi ya hewa ikaletwa wizarani, ya njano, rangi bado inashika vidole. Mbaruku akaja na mmoja nyumbani.

"Siku, njoo unuse hapa."

"Unanuka rangi."

"Kwangua hapo chini."

Nikakwangua kwa ukucha. Chini ya njano kulikuwa na nyekundu, na kwenye ile nyekundu maandishi: ELEKEZA KWENYE CHANZO CHA MOTO.

"Kaka, ziwani kuna moto?"

"Labda sanamu imepandwa na hasira," akasema. Tukacheka, ila si sana.

Mbaruku alikuwa amewahi kufundishwa na wazamiaji wa meli moja ya utafiti iliyopita kule. Akanieleza kwamba mtu haendi ziwani na kifaa asichokijua. Kwanza anatafuta bwawa la kuogelea. Maji ya bwawa yametulia, unaona mpaka chini, na kidude cha mdomoni kikikataa kuleta hewa unasimama tu, kichwa kinatoka nje, unatukana, maisha yanaendelea. Humo bwawani unajifunza kuvua miwani na kuivaa tena chini ya maji, kukitema kidude na kukirudisha, kupumua bila papara. Kifaa kibovu kinajulikana bwawani. Ziwani anayejulikana ni marehemu.

Akaenda kwa Waziri. Mimi nilikuwa nafuta meza.

"Mheshimiwa, naomba bwawa. Tujaribu vifaa kabla ya kushuka ziwani."

Waziri akamtazama kwa huruma. "Kijana, kujaribu ni nini? Kujaribu ni kuwa na wasiwasi. Sasa niambie, una wasiwasi na nani?"

"Na mtungi, Mheshimiwa."

"Mtungi wa nani?"

"Wa serikali."

"Basi umejijibu." Akanigeukia mimi, kama vile nimeuliza kitu. "Vijana wa siku hizi wanataka kuipima serikali kwenye maji." Halafu akamwambia Mbaruku, "Tafuta bwawa mwenyewe. Serikali haijakukataza kutafuta."

*

Tukaanza kutafuta. Mtungi tuliufunga kwenye kanga, tukawa tunapokezana kuubeba mgongoni kama mtoto.

Bwawa la Taifa lilikuwa zuri. Marumaru za bluu, ngazi za kung'aa, na ubao wa kurukia ulio juu kiasi cha kuona nchi jirani. Halikuwa na tone. Ndani yake waogeleaji wa timu ya taifa walikuwa wamelalia matumbo juu ya marumaru, wanapiga mikono na miguu, na kocha anawapigia filimbi.

"Maji yako wapi?" Mbaruku akamuuliza msimamizi.

"Yatakuja na mgeni rasmi. Bwawa halijazinduliwa, na maji hayawezi kuingia kabla yake."

"Na mgeni rasmi anakuja lini?"

"Aliteuliwa, akafa. Akateuliwa mwingine, akaasi chama. Huyu wa sasa yuko hai, tunamshukuru Mungu, ila anaogopa mafua." Akautazama mtungi wetu. "Kama mtungi wenyewe ni mzuri, ingia nao hivyohivyo. Vijana wetu wanaogelea bila maji na tumewashinda majirani."

"Majirani nao walikuwa bila maji?"

"Hawakuja."

Tukaenda kwenye hoteli ya mwekezaji. Kule bwawa lilikuwa na maji, lakini yalikuwa yanamfikia mtu gotini. Meneja alikuwa kijana mwenye tai na sauti ya kubembeleza.

"Kaka, hili ni bwawa la kupigia picha. Mgeni anakaa pembeni, anatia kidole cha mguu, anapigwa picha, anatuma kwao. Maji marefu yanaleta wasiwasi."

"Nitalala chini," Mbaruku akasema. "Nikilala maji yananifunika."

"Ukilala, wageni watadhani umekufa. Sasa dada," akanigeukia, "mwambie kaka yako. Mtu akifa kwenye picha ya mgeni, nani atakuja tena hapa?"

La tatu lilikuwa la Nabii mmoja mwenye kanisa la mabati na bwawa la kubatizia, refu, safi, maji mpaka kifuani. Moyo wangu ukatulia nilipoliona. Nabii mwenyewe akatupokea vizuri, akatupa viti, akausikiliza mtungi kwa kuuwekea sikio kama daktari.

"Humu," akasema, "watu wanaingia wafu na kutoka hai. Ndiyo huduma yangu, na inajulikana mpaka mikoani. Wewe, mwanangu, unaingia ukiwa hai. Mtungi wako ukiwa mbovu unatoka mfu. Umeona utakavyonigeuzia huduma?"

"Nikiona hakuna hewa nitasimama, Nabii."

"Na waumini wakikuona umesimama mwenyewe kabla sijakuinua?"

Mbaruku akafunga mtungi kwenye kanga. Tukatembea mpaka tukakaribia nyumbani. "Nchi nzima, Siku," akasema. "Nchi nzima hakuna maji ya mtu kukosea salama."

Amri ya kushuka ziwani ikatoka. Nilimwambia akatae. Akaniambia akikataa yeye anafuata mwenzake kwenye mstari, na mwenzake huyo hajui hata kuogelea; aliandikishwa kwa sababu ana kifua kipana.

Basi akashuka. Waziri alikuwa ufukweni chini ya mwavuli, anachambua samaki. Kamba ikatikisika, ikatikisika sana, halafu ikatulia. Walipomvuta juu, midomo yake ilikuwa myeupe, imejaa unga wa kuzimia moto. Waziri akafuta vidole, akatazama, akasema, "Kijana amezembea." Akaendelea na samaki upande wa pili.

*

Ikaundwa Tume. Tume ilikaa, ikala, ikazungumza na mtungi mwingine uliofanana na ule, ikaridhika nao. Ripoti ikasomwa redioni.

Ilisema vifaa ni bora, vya kiwango cha juu, na vimenunuliwa kwa uzalendo. Ilisema ule unga mweupe midomoni unaonyesha kwamba mzamiaji husika alikuwa anakula akiwa kazini. Na ilisema kosa lake kubwa, lililomletea mauti, ni kwamba alivuta hewa ya serikali kabla haijazinduliwa na mgeni rasmi. Ikamalizia kwa kuwataka vijana wote wajifunze subira. Aliyeweka saini ni Mheshimiwa Limbanga.

Majirani walinikuta nimekaa mlangoni. "Pole, Sikudhani," wakasema, "lia mwanangu, utapata nafuu." Sikulia. Nilikuwa nasikiliza ile ripoti inarudiwa kwenye redio ya jirani, neno kwa neno, na nilikuwa natafuta ndani yake mahali pa kushika. Nilitaka kitu kimoja tu duniani. Sikutaka Waziri afukuzwe, sikutaka aombe radhi. Nilitaka avute pumzi kwenye kile kidude alichompa kaka yangu. Mara moja tu, chini ya maji.

Kwa hiyo nikaenda Ofisi ya Itifaki.

Kule kuna sheria kwamba ripoti ya Tume haipingwi na mtu yeyote isipokuwa ndugu wa marehemu, na ndugu ana hiari ya kuikubali au kuikataa. Wote hukataa, halafu hufukuzwa, na kazi inaendelea. Mkuu wa ofisi hiyo, Bwana Zahoro, mzee mwembamba aliyevaa suti hata kwenye joto, aliponiona akavuta pumzi ndefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kukataa ripoti. Mlango wa kutokea ni ule pale."

"Hapana, mzee. Nimekuja kuikubali."

Bwana Zahoro akavua miwani. Nadhani hakuwa amewahi kukutana na jambo hilo. Akaniletea kiti mwenyewe.

"Unaikubali yote?"

"Yote. Hasa pale inaposema alimtangulia mgeni rasmi. Nimeona ni kweli kabisa, alikosea. Nina swali dogo tu, la mtu asiyesoma. Mgeni rasmi mwenyewe atavuta lini?"

"Atavuta nini?"

"Hiyo hewa, mzee. Ripoti inasema haijazinduliwa. Na nasikia kikosi kinashuka tena. Sasa wakivuta tena kabla yake, si watamkosea adabu Mkuu Mtukufu?"

Niliona rangi inamtoka usoni kidogokidogo, kuanzia juu. Akanyanyua simu, akaiweka. Akainyanyua tena. "Binti," akasema kwa sauti ya chini, "hili umemwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani, mzee?"

Jioni yake Mkuu Mtukufu mwenyewe alitoka kwenye televisheni. Alisema amesikitishwa kuona hewa ya nchi yake inavutwa ovyo. Akamteua Mheshimiwa Limbanga kuwa mgeni rasmi, kwa kuwa ndiye aliyesaini kwamba vifaa ni bora.

*

Ikabidi serikali nayo itafute bwawa. Nilifurahi kuwaona wanatafuta.

Walikwenda Bwawa la Taifa, wakaambiwa kuzindua kifaa ndani ya bwawa ambalo halijazinduliwa ni kosa juu ya kosa. Walikwenda hotelini, wakaona mgeni rasmi hawezi kupiga magoti mbele ya wazungu. Nabii hakukataa, alisema Waziri anakaribishwa, ila atubu kwanza dhambi zake zote moja moja. Wizara ikakaa, ikapiga hesabu, ikaona sherehe itachelewa mno.

Likabaki bwawa moja, nyumbani kwa Waziri mwenyewe, nyuma ya ukuta. Refu, la bluu, upande mmoja kina chake kinameza mtu aliyembeba mwenzake mabegani. Siku zote kwenye karatasi za serikali lilikuwa limeandikwa birika la kunyweshea mbwa. Mbwa wenyewe hatukuwaona.

Alitakiwa mtu wa kushika kamba. Bwana Zahoro akasema sharti awe mtu ambaye akilowa si hasara. Wakanichagua mimi.

"Mgeni rasmi haburutwi," akanielekeza. "Ukiambiwa umvute, mvute kwa heshima."

"Nitamvuta kwa heshima, mzee."

Siku yenyewe uwanja wa nyumba ulijaa. Wanafunzi wamepangwa kwa mistari, kwaya imevaa vitenge vyenye sura ya Mkuu, bendi imekaa kivulini. Shemeji wa Waziri hakuwepo. Asubuhi ile alikuwa amesafiri ghafla kwenda kutibiwa meno nje ya nchi. Waziri alipopewa habari hiyo alimeza mate. Nilikuwa karibu, nikayasikia yakishuka.

Alikuwa ameshavalishwa. Suti nyeusi ya mpira, medali juu yake, mkanda wa vyuma kiunoni wa kumshusha chini, mtungi wa njano mgongoni. Usoni miwani mikubwa ya kufunika mpaka kidevuni, na ndani yake kipaza sauti, ili taifa limsikie akikata utepe. Utepe ulikuwa umefungwa kule chini kabisa, sakafuni. Hilo lilikuwa wazo la Itifaki.

"Zahoro," Waziri akanong'ona, "siwezi kuzindua kwa niaba?"

"Kwa niaba ya nani, Mheshimiwa?"

"Kwa niaba yangu."

Bwana Zahoro akapekua ratiba. "Hilo halimo."

"Na tukijaribu kwanza? Mtu mwingine, hata huyu binti, ajaribu tu kidogo, nione."

"Mheshimiwa," nikasema taratibu, "kujaribu si ni kuwa na wasiwasi?"

Akanitazama. Mara ya kwanza kunitazama usoni tangu nimfagilie ofisi. Hakunikumbuka.

Akahutubia. "Ndugu wananchi! Wapo wanaosema taifa letu halina kina! Leo nawajibu kwa vitendo! Nitakwenda chini, na nikifika chini nitaendelea kwenda chini, kwa ajili yenu!" Makofi. Akafungiwa kile kidude ndani ya miwani, mbele ya mdomo, bendi ikapiga, wasaidizi wakamshika makwapa wakamtumbukiza upande wa kina kirefu. Akaenda chini kama jiwe.

 Halafu spika zote za uwanjani zikalia kwa sauti yake, imekauka, inakwaruza.

"Hakuna hewa!"

Wananchi kule wamefundwa tangu chekechea. Kiongozi akipaza sauti, wanaitika. Wakaitika kwa umoja, mikono juu:

"Hoyeee!"

"Hakuna hewa! Jamani hakuna hewa!"

"Hoyeee!"

"Kaulimbiu hiyo imo?" msaidizi akamuuliza Bwana Zahoro, ambaye alikuwa anakimbiza kidole kwenye ratiba.

"Haimo. Lakini ni fupi, inashika."

"Nivuteni! Nakufa!"

"Hoyeee!"

Kwaya ikaipokea. Yule mama wa mbele, mwenye sauti nene, akaanzisha: "Hakuna hewa, Limbanga baba, hakuna hewa!" Wenzake wakamwitikia kwa kuyumba, bendi ikaongeza ngoma, watoto wakaruka. Kamba ilikuwa inatikisika mikononi mwangu. Niliijua ile namna ya kutikisika. Nilikuwa nimeiona kwa macho, kutoka ufukweni, na sasa naisikia kwa viganja, na sitawadanganya, ilikuwa tamu.

Ningeweza kuiachia. Nilikwenda pale nikiwa nimeamua kuiachia. Lakini nikawaza kwamba akifa pale kwenye wimbo atakuwa shujaa, atajengewa sanamu, na vijana watatumwa kuisafirisha. Nikaanza kumvuta. Kwa heshima, kama nilivyoelekezwa. Mkono mmoja, napumzika, mkono mwingine.

Alipotokeza wakamvua miwani, akaanguka kifudifudi juu ya nyasi, akakohoa, na alichokohoa kilikuwa cheupe. Midomo ilikuwa myeupe mpaka kwenye pembe zake. Kwaya ikakatisha wimbo. Nadhani hata mtoto mdogo alielewa pale. Niliitazama ile midomo mpaka nikatosheka. Halafu nikaona sijatosheka.

*

Mkuu Mtukufu alikuwa ameangalia yote kwenye televisheni. Aliuliza swali moja: "Utepe umekatwa?"

Haukuwa umekatwa.

"Basi hajazindua," akasema Mkuu. "Vifaa si vibaya. Ripoti inasema ni bora, saini ni yake, na ndugu wa marehemu wameikubali. Kibaya ni bwawa. Mheshimiwa Limbanga atakamilisha uzinduzi ziwani kwenye kina, Jumapili, kwa mtungi uleule. Na akiwa huko chini anisalimie sanamu."

Gari la kumpeleka ziwani lilikuja kumchukua nyumbani kwake Jumamosi. Mimi nilikuwa kule naopoa majani bwawani, maana kazi ya kamba ilikuwa imeniachia kibarua. Walimtoa askari wawili, kila mmoja upande wake, na mtungi ukabebwa nyuma yao na Bwana Zahoro kama kitu cha ibada. Aliponiona akajinasua, akanijia mbio. Waziri mzima, miguu peku.

"Binti! Binti yangu! Wewe ndiye ndugu yake. Wewe peke yako ndiye unaweza kuikataa ile ripoti. Ikataliwe leo hii, vifaa vitakuwa vibovu, nitapona."

"Kweli, Mheshimiwa?"

"Kweli! Zahoro yuko hapa, sema mbele yake tu. Sema ripoti ni ya uongo. Niliandika uongo. Nakiri mbele ya Mungu, ni uongo!"

Bwana Zahoro akauweka mtungi chini, akatoa kalamu. Aliniangalia kwa namna ambayo sikuitegemea, kama mtu aliyechoka kuvaa suti.

"Nitaikataa," nikasema. Na nilikuwa namaanisha. Naapa hapa ninapoandika, nilikuwa namaanisha. "Ila ripoti ziko nyingi. Hii ni ya kifo cha nani?"

"Ya yule kijana."

"Vijana waliokufa ni wengi, Mheshimiwa. Kijana gani?"

"Kaka yako."

"Ndiyo. Anaitwa nani?"

Akamtazama Bwana Zahoro, halafu askari.

"Alikuja ofisini kwako," nikasema. "Alikuomba bwawa. Taja jina lake tu, nami naikataa sasa hivi."

"Nalijua," akasema. "Nalijua, limenitoka kidogo. Hamisi?" Akanitazama machoni atafute dalili. "Si Hamisi. Abdala. Subiri, subiri. Linaanza na herufi gani?"

Askari wakamshika tena, maana dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Hawakumvuta kwa nguvu. Hata wao walikuwa wanasubiri kusikia.

"Idi? Rashidi? Binti, nisaidie! Selemani!" Wakamwingiza garini, akateremsha kioo, akatoa kichwa. "Yusufu! Bakari! Shabani! Zahoro, wewe unalijua, mwambie!" Bwana Zahoro alikuwa amefunga kalamu yake.

Gari likatoka getini. Nilisimama na wavu wangu wa kuopolea majani nikawa namsikia bado, barabarani, anapiga kelele majina ya watu wazima na watoto, wazima na wafu, mpaka akaanza kurudia.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili kama ilivyopangwa, na nasikia kamba ilikuwa ndefu lakini mshikaji hakupatikana.

Jumatatu Ofisi ya Itifaki ilipofunguliwa nilikuwa wa kwanza mlangoni.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukataa ripoti."

"Marahaba," akasema Bwana Zahoro, akavuta karatasi mpya, akalowesha kidole. "Ripoti ya kifo cha nani?"

"Mbaruku," nikasema. "Andika kwa herufi kubwa."